Bati la Upepo

Waliposema Papa Dodo hakuwahi kuharibu injini ya mtu maisha yake yote, nilikunja ngumi ndani ya mfuko wa koti. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwa marehemu, mtaa wa Bellevue, Johannesburg, katika moja ya zile nyumba kuukuu zilizogawanywa kwa mbao, kila chumba na familia yake na kufuli lake. Jiko la pamoja lilikuwa nyuma ya mgongo wangu, na harufu ya sombe, kisamvu cha Wakongo, ilinifikia kabla ya maneno ya mchungaji. Kila aliyesimama alirudia yale yale: fundi wa mafundi, mtu wa Mungu, mtu wa kweli. Nilifika pale kwa sababu mjane wake, Mama Nadine, alinipigia simu mwenyewe akilia, na simu ya namna ile mtu haikatai. Lakini sikwenda kulia. Nina hasira na Papa Dodo tangu mwaka 2016, na kifo chake hakikuipunguza hata chembe. Kimeizidisha, maana sasa yuko mahali ambapo siwezi kumfuata nikamuuliza. Mwaka huo nitaueleza hapa kama nilivyouishi, na atakayeniona mtu wa kinyongo na anione hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nalala Berea, ghorofa ya sita, lifti imekufa zamani, chumba kimoja watu wanne tumetenganishwa na mapazia, kiasi kwamba nilijua ndoto za jirani yangu Mrundi kwa sababu alikuwa anaota kwa sauti. Kazi yangu ilikuwa bati. Nilitoka Tanga nikiwa najua kulikata, kulikunja na kuliunga, na kwa ujuzi huo Papa Dodo alinipa nusu ya benchi katika karakana yake ya Jeppestown, ghala la matofali mekundu lililokuwa na baridi ndani kuliko nje. Yeye alikuwa mtu wa Lubumbashi, mfupi, kifua kipana, miwani imefungwa waya kwenye mkono mmoja, na hakuna mtu niliyewahi kumwona anaijua injini namna ile. Alikuwa anaweka bisibisi kwenye bloku, yaani mwili wa injini, mpini sikioni, anafumba macho, kisha anakutajia kinachougua. Nilimpenda. Naliandika hili mapema ili nisije nikalikana mbele ya safari.

Wateja wetu wengi walikuwa vijana wa Soweto wanaospini magari. Gari lao ni gusheshe, ndivyo wanavyoliita lile gari la Kijerumani la zamani lenye umbo la sanduku, na mchezo wenyewe ni kulizungusha pale pale, matairi yakitoa moshi, dereva akining'inia nje ya mlango, injini ikilia kwa nguvu zake zote huku umati ukishangilia. Hakuna gari la familia lililoundwa kwa mchezo huo. Injini zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine kwa ugonjwa uleule: ukifungua unakuta beringi zimeungua, na oili imejaa tele. Mafundi wengine walikuwa wanawaambia vijana waongeze oili. Papa Dodo aliwacheka. Asubuhi moja aliweka ndoo ya oili chafu chini, akafunga spoki ya baiskeli iliyopinda kwenye drili, akaishusha hadi ikagusa uso wa oili, kisha akabonyeza. Oili ilituruka usoni, ukutani, hadi kwenye kalenda ya kanisa lake. Yeye akawa anacheka huku anafuta miwani.

"Umeona, Bwana Tanga?" akasema. Hilo ndilo jina alilonipa. "Mafuta iko mingi mu ndoo, lakini vilebrequin inazunguka, inapiga upepo. Upepo inaamusha mafuta, mafuta inageuka povu. Pampu inakunywa povu. Na povu haibebe chuma."

Vilebrequin kwao ndiyo krenki kwetu, ule mhimili mzito uliopindapinda unaosukumwa na pistoni. Nikamuuliza sasa dawa yake nini.

"Bati," akasema. "Bati ya kutenganisha mafuta na ile upepo. Njo sababu niko nakuambia weye, siambie mwingine."

Basi tukaanza. Bati la upepo, kama tulivyoliita, hukaa kati ya krenki na sampu, yaani lile beseni la oili chini ya injini. Nililitoboa mipasuo, kila mpasuo nikauinamisha upande mmoja, ili oili inayorushwa na krenki iteremke na isipande tena. Ukingoni nikaweka mdomo mwembamba unaoikaribia krenki na kuikwangua oili inayojiviringisha juu yake. Ndani ya sampu nikachomelea kuta na vilango vya bawaba vinavyofungukia upande wa pampu tu, ili gari likizunguka oili isikimbilie pembeni na kuiacha pampu inanyonya hewa. Ilinichukua wiki tatu na vidole viwili vilivyochanika. Injini ya kwanza tuliyoifunga bati hilo ilizungushwa uwanjani mpaka matairi yakapasuka, na sindano ya presha ya oili haikutikisika. Papa Dodo alinikumbatia mbele za watu. Nilirudi Berea nikapanda ghorofa zote sita bila kupumzika.

Siri ya kazi yote ilikuwa nafasi kati ya mdomo wa bati na krenki. Tulitaka milimita tatu. Ukizidisha, bati halikwangui kitu. Ukipunguza, vyuma vikipata moto na kasi vitagusana, na vikigusana umekwisha. Kuipima nafasi hiyo tulitumia ugali. Msicheke. Unageuza bloku juu chini, unaipaka krenki oili, unabandika vitonge vya ugali juu ya bati, unalifunga mahali pake, unaizungusha krenki kwa mkono mzunguko mmoja. Ukifungua, kitonge kimebanwa hadi unene wa ile nafasi. Unakikata kwa wembe na kupima kwa kalipa, kile kipimo cha chuma chenye taya. Udongo wa rangi wa watoto wa shule ungefanya kazi hiyo hiyo, lakini ugali ulikuwepo kila siku saa saba, nilikuwa nausonga mwenyewe kwenye hotipleti pembeni ya benchi, sembe tupu, mgumu, wa kula na samaki wa kopo na pilipili.

Papa Dodo hakula ugali wangu. Yeye alikuwa anakuja na bukari ya Mama Nadine kwenye chombo cha kutunza moto, imefungwa kwa kitenge. Bukari ni huo huo ugali kwa namna ya Kikongo. Mama Nadine alikuwa anachanganya unga wa mahindi na wa muhogo, na ulikuwa laini, unang'aa, unavutika. Kila mchana tulitaniana. Yeye alikuwa anasema ugali wa Tanzania ni mchanga wa kujengea, mimi nikamjibu kwamba bukari yao inamng'ang'ania mtu kooni kama mdai. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, mabonge mawili juu ya benchi moja, na redio ya Kizulu ambayo hakuna kati yetu aliyeielewa vizuri. Mwezi wa Mei akamleta mwandishi wa vibao, na juu ya mlango ikaandikwa kwa rangi nyekundu DODO & TANGA. Alinitoa nje tu, akaniacha nisome. Tangu nifike Johannesburg nilikuwa mlinzi, mbeba mizigo, mgeni. Siku ile nikawa fundi, na jina langu lilikuwa mlangoni.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Juni, katikati ya baridi. Nilifunga. Hotipleti nikaipandisha rafuni, sufuria nikaifunika, na hakuna aliyetarajia nipike. Wakati huo tulikuwa na injini ya Bra Sbu, kijana mwenye jina kubwa kuliko wote waliokuwa wanaspini, ambaye tarehe kumi na sita, sikukuu ya vijana, alikuwa acheze mbele ya umati mkubwa kuliko wote aliowahi kuupata. Tukifanikiwa hapo, kila gusheshe la mji huu lingekuja Jeppestown. Bati lake nililitengeneza kwa uangalifu kuliko yote yaliyotangulia. Siku ya kupima niliingia chumba cha nyuma kuswali adhuhuri, na niliporudi Papa Dodo alikuwa amekwisha zungusha krenki, amefungua, amekata kitonge, anafuta kalipa kwenye suruali.

"Milimetre ine na nusu," akasema. "Iko mbali sana. Ondoa washa moja kila muguu, tuikaribishe."

Nikaondoa washa, vile vipete vya chuma vinavyoliinua bati kwenye miguu yake, milimita moja na nusu kila mguu, nikafunga. Kisha nikainama nikachungulia pembeni. Sikuwa na kipimo, nilikuwa na macho tu, na mikono iliyokuwa imeshika bati tangu sina ndevu.

"Papa Dodo, naona tumekaribia mno. Tupime tena."

"Na nini? Bukari imeisha, iko mu tumbo." Akajipiga tumboni, akacheka. "Mukono yako haina milimetre. Kipimo imesema."

Nikachukua spana. Nilimwamini kuliko nilivyojiamini, na hilo ndilo kosa langu pekee katika habari hii yote. Tukafunga sampu.

Tarehe kumi na sita, siku ya Alhamisi, tulisimama pamoja kwenye uzio, mimi na yeye, kofia za sufu hadi masikioni. Bra Sbu aliingia na gusheshe lake jekundu, akazungusha mara tatu, nne, umati ukaruka. Mimi nilisikia kabla ya watu. Kulikuwa na mlio mwembamba chini ya mngurumo, chuma kinakwaruza chuma, tik-tik-tik-tik, na Papa Dodo naye alisikia kwa sababu alinishika mkono. Kisha ukaja mpasuko mmoja. Koni rodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ilitoboa bloku ikatokeza ubavuni, oili ikamwagika na kushika moto kwenye ekzosi, na Bra Sbu akaruka nje akiwa na nyusi zilizoungua. Watu wakaanza kuzomea. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba makwerekwere, ndivyo wanavyotuita sisi wageni, wameliua gusheshe, wengine wakacheka, na sisi wawili tukatoka kwa njia ya nyuma kama wezi. Ndani ya sampu, tulipoifungua, tulikuta bati langu limechanwa vipande na mdomo wake umetafunwa wote.

Jumatatu nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao nikitia udhu. Maji yalikuwa yanauma kwa baridi. Upande wa pili Bra Sbu alikuwa amekuja, na nikamsikia Papa Dodo akimweleza kwa kile Kiingereza chake cha Kifaransa, taratibu, neno kwa neno, hivi kwamba sikuweza hata kujidanganya kuwa sikuelewa. Alisema ni yule Mtanzania. Alisema hawa watu wakifunga, mchana hawana akili, njaa inawazungusha macho. Alisema nimelikata bati vibaya, na kwamba yeye alinionya. Alinionya! Nilitoka na uso unachuruzika maji, mikono ya shati imekunjwa hadi viwiko.

"Papa Dodo, nani aliyesema tutoe washa?"

Hakuniangalia. Alikuwa anageuza kalipa mkononi. "Kipimo yangu haikosake," akasema. "Bati ni ya nani?"

Bra Sbu, na nyusi zake zilizoungua, alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo iliniuma kuliko matusi. "Eish, bradha," akaniambia, "ungekula kwanza." Akanipiga begani. Nilitaka kumrushia nyundo Papa Dodo. Ningekuwa sijafunga labda ningeirusha. Badala yake nilikusanya mkasi wangu wa bati, koleo na nyundo zangu mbili, nikatoka, na hakuna aliyeniita. Wiki iliyofuata nilipita kwa makusudi. Kibao kilikuwa kimepakwa rangi ya kijivu upande wa kulia. Kilisomeka DODO & na kisha hakuna kitu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kutukanwa nimetukanwa na wengi katika mji huu, na funga yangu imechekwa na watu wasiojua hata jua linazama saa ngapi. Hayo nayameza. Kisichomezeka ni kwamba nilikuja kumwamini. Mwezi wa kwanza nilibisha peke yangu chumbani. Mwezi wa pili nikaanza kujiuliza: vipi kama kweli mkono ulitetemeka? Vipi kama mdomo ulizidi milimita moja na nusu, na mimi na njaa yangu sikuona? Mafundi wawili waliniita niwatengenezee bati la upepo, na mara zote mbili nilishika mkasi, nikachora mstari, nikaona mstari unacheza. Nikawaambia sina nafasi. Mkasi nikampa Mrundi wa nyuma ya pazia. Mimi, niliyekuwa mlangoni kwa rangi nyekundu, nikavaa sare na kusimama kwenye mlango wa duka la watu kukagua mifuko yao, na ndicho ninachofanya hadi leo. Na Papa Dodo alikuwa ananiona. Tulikuwa tunakutana kwenye robot ya Yeoville, yaani taa za kuongoza magari, mara tano, mara sita kwa mwaka. "Bwana Tanga, iko sharp?" anauliza, macho kwenye viatu vyangu, taa inabadilika, anavuka.

Hayo yote nilikuwa nayapitia moyoni pale msibani, huku ushuhuda ukiendelea, ndipo Mama Nadine akaja mwenyewe na sahani. Aliketi pembeni yangu kwenye kigoda. Bukari, sombe, samaki mkavu. Alikuwa amekonda, kitenge cheusi kinamzunguka mara mbili.

"Kula, Bwana Tanga. Ni miye nimepika. Hii ya muhogo. Sikupikaka tena bukari ya muhogo tangu ile mwaka yenu ya gusheshe."

Nikamuuliza kwa nini.

"Papa alinikatazaka," akasema. "Kesho yake tu, ile gari ikiisha kuungua. Alirudi nyumba muchana, na hapana saa yake ya kurudi. Alikamata bukari, alifinya na kidole. Akaangalia. Alifinya tena, akaangalia. Akaniuliza, Mama, muhogo unaweka ngapi? Namwambia nusu kwa nusu, si unajua. Akakaa kwa kitanda, hakukula. Kutoka siku ile akasema ni mahindi tupu, na mu garage bukari isiingie tena. Na akanunua ile udongo ya rangi ya batoto ba masomo. Watoto banacheka: Papa anacheza udongo!" Alitabasamu, kisha machozi yakamtoka. "Miaka yote anasema, siku moja nitamuita Bwana Tanga, niko na neno yake. Siku moja, siku moja."

Nilimega tonge. Nikalibana kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka likawa jembamba, nikaliachia. Likabaki hivyo kidogo, kisha taratibu, mbele ya macho yangu, likavimba na kurudi. Nikabana tena. Likarudi tena. Sembe yangu ukiibana inabaki ilivyobanwa. Ndiyo maana mabati yote ya kabla ya Ramadhani yalikaa sawa. Krenki ya Bra Sbu iliibana bukari hadi milimita tatu, bukari ikapumua ikarudi nne na nusu, na Papa Dodo akaipima ikiwa imekwisha rudi. Bati langu lilikuwa limekatwa sawasawa. Jicho langu lilikuwa limeona sawasawa. Na yeye alijua kesho yake tu, Ijumaa ile, akiwa amekaa kitandani; Jumatatu alipomwambia Bra Sbu kuhusu njaa yangu, alikuwa amekwisha jua siku tatu. Alikuwa anajua kila aliposimama na mimi kwenye robot. Mchungaji alikuwa bado anasema, mtu wa kweli, na watu wanaitikia amina, na nilihisi nikifumbua mdomo nitapiga ukelele utakaovunja madirisha ya nyumba ile.

Nikageuka nimwambie Mama Nadine. Nilikuwa na kila neno tayari. Alikuwa ananitazama, kiganja kimeshika shavu.

"Nikuulize kitu," akasema kwa sauti ya chini. "Hakuniambiaka mpaka kufa. Bukari yangu ilikosa nini?"

Mumewe alimwachia swali hilo kama alivyoniachia mimi mkono unaotetemeka. Nikaitazama ile sahani.

"Haikukosa kitu, Mama Nadine," nikamjibu. "Ni mimi. Nilikuwa nimefunga."

Akashusha pumzi ndefu, akanishika goti. Nikalitia lile tonge mdomoni, nikalimeza, na moyoni nikamtukana mume wake kwa Kitanga kitupu.